Usimponye Mtoto Jumapili Ukamwacha Jumatatu

Wasee, leo mtanitukana na niko tayari. Acheni kuwaponya watoto kwenye shule ya Jumapili.

Kabla uandike "shindwe" kwenye komenti, jua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa ticha wa sande skul. Nilikuwa nasomea ualimu wa watoto wadogo, karo ikakataa, nikaacha chuo mwaka wa pili nikarudi kwa mathe. Kanisa la mtaani likasikia kuna kijana amesomasoma mambo ya watoto, nikapewa darasa la wadogo kabisa: miaka mitatu hadi sita, chumba kimoja cha mabati, krayoni zilizovunjika na chupa moja ya gundi. Nililipenda hilo darasa. Kwa hivyo msiniletee maneno ya chuki.

Kila ticha anajua hadithi za uponyaji ndizo zinazobamba. Mtoto wa miaka minne humwambii akae kimya umsomee Marko sura ya 2. Unampa kitu mikononi. Tulikuwa na mkeka wa yule mtu aliyepooza, boksi la viatu tulilolitoboa juu likawa paa, bandeji za karatasi ya chooni, na matope ya unga wa chapati kwa ajili ya kipofu wa Yohana 9. Watoto wanashika, wanacheka, na wiki ijayo wanakumbuka kila kitu. Mpaka hapo sina shida na mtu.

Shida ni siku niliyochagua mgonjwa.

Darasani kulikuwa na mtoto wa miaka minne aliyezaliwa nyayo zake zimegeukia ndani. Kama hujui hiyo kitu, inatibika vizuri sana. Kwa njia inayoitwa Ponseti, mtoto akiwa mdogo anafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mguu unarudi pole pole. Halafu anavalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, mchana na usiku kwa miezi kama mitatu, kisha wakati wa kulala tu mpaka afike miaka minne au mitano. Hiyo sehemu ya kulala navyo ndiyo ngumu. Mtoto analia, mzazi amechoka, na mguu tayari unaonekana sawa. Lakini ukiacha mapema, mguu unaweza kurudi ulikotoka.

Huyu mtoto alikuwa anatembea poa. Ila kila mtu kanisani alimjua kama "yule wa miguu". Basi ticha mwerevu, yaani mimi, nikaona huyu ndiye atalala kwa mkeka. Wenzake wakambeba, darasa zima likapiga kelele "Simama!", akasimama, akaruka, makofi mpaka mabati yakatetemeka. Na mimi nikiwa na simu mkononi, narekodi. Ile video ilienda vizuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuposti. Watu waliandika amina hadi nikachoka kuhesabu.

Usiku huo mtoto alikataa viatu. Alimwambia mamake, "Ticha amesema nimepona." Usiku uliofuata, vilevile. Mama wa watu alikuwa amepambana na hivyo viatu miaka mitatu na zaidi, na yeye pia alikuwa ameona video. Akafikiria labda ni kweli. Viatu vikaingia chini ya kitanda. Baada ya miezi kadhaa mguu mmoja ukaanza kugeuka tena, wakarudi kliniki, plasta ikaanza upya. Hakuja kunigombanisha. Alikuja tu kuniuliza kama mtoto anaweza kuhudhuria na plasta. Ningependelea anichape.

Sasa, sikuwahi kumwambia yule mtoto amepona. Nilikuwa naigiza hadithi. Lakini hapo ndipo tunajidanganya. Jean Piaget, yule Mswisi ambaye kila mwanafunzi wa ualimu analazimishwa kumkariri, alieleza kwamba mtoto wa kati ya miaka miwili na saba anafikiri kwa picha na michezo, na kwamba bado hapambanui mambo kama mtu mzima. Mnajua kwa nini tunatumia mikono? Kwa sababu mikono inafundisha kuliko mdomo. Basi hatuwezi kusifu mikono ikifundisha vizuri, halafu tukaruka ikifundisha vibaya. Mwili wa yule mtoto ulifundishwa: ulilala mgonjwa, ukaamka mzima, watu wakapiga makofi. Yeye alielewa somo. Mimi ndiye sikuelewa nilichofundisha.

Na fikiria yule wa pembeni. Mwenye pumu. Mwenye kifafa. Yule wa selimundu anayekosa nusu ya Jumapili kwa sababu mifupa inamuuma. Kila wiki anaona mgonjwa akisimama, na yeye hasimami. Hakuna aliyemwambia ana imani kidogo. Atapiga hesabu mwenyewe.

Najua mtaniambia, "Wewe unataka kuondoa miujiza kwa Biblia." Hapana. Nataka muisome yote. Katika Marko 2 kuna watu wanne waliombeba mwenzao, wakakuta mlango umejaa, wakapanda juu wakabomoa paa la wenyewe. Katika Marko 5, binti wa Yairo anaamka, na kitu Yesu anaagiza ni apewe chakula. Katika Luka 17, wale kumi wenye ukoma wanatumwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kusema huyu ni safi. Katika Yohana 9, wanafunzi wanauliza ni nani alitenda dhambi hadi huyu akazaliwa kipofu, na Yesu anakataa hilo swali kabisa. Paulo naye anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa sababu ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara. Timotheo! Kiongozi wa kanisa, na anaugua kila saa, na hakuna anayemuuliza imani yake iko wapi.

Hayo yote yako mle ndani. Sisi tunachagua sekunde ya "simama" kwa sababu ndiyo inayotoka vizuri kwa video.

Na tuko Kenya, jameni. Mwaka wa 2023 tulifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, watoto wakiwemo, kutoka kwa watu waliofundishwa kuogopa shule na hospitali. Sisemi sande skul yenu ni Shakahola. Nasema nchi iliyoona hayo haina ruhusa ya kucheza na mtoto na dawa yake.

Kwa hivyo fanyeni hivi, ni rahisi. Mtoto mgonjwa asiigize mgonjwa, hata akijitolea. Mgonjwa awe mwanasesere. Weka pakiti mbili za unga ndani ya leso, watoto wanne washike pembe, wavuke chumba bila kumwaga. Watajua kubeba mtu ni uzito. Siku ya binti wa Yairo, watoto wagawane uji, kila mmoja amnyweshe mwenzake kwanza. Kila somo la uponyaji limalizike kwa sentensi moja, waiseme wote: tunaomba, na tunakunywa dawa. Halafu weka simu chini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata mzazi akikubali, jiulize hiyo video ni ya nani.

Yangu niliifuta. Najua kuna watu waliishaihifadhi, siwezi kuwafikia.

Jumapili moja yule mtoto alikuja na plasta mguuni. Tukatandika leso. Aliketi kwa kiti, akashika pembe yake kwa mikono miwili, na unga haukumwagika. Hakuna aliyepiga kelele "simama". Kazi ilihitaji watu wanne, na yeye alikuwa mmoja wao.

Haya, sasa nitukaneni.