Kitu gani kiko cha kwanza kwetu?



Katika namba hii tunapenda kuongea juu ya neno moja dogo: kwanza. Kila mmoja wetu anajua Matayo 6:33, pale Yesu anapotufundisha kutafuta Ufalme wa Mungu mbele ya mambo yote. Mtu akiombwa fungu la kichwa darasani, ni lile analolisema mbio. Lakini tukitazama maisha ya kila siku hapa shuleni, tunaona mara nyingi Ufalme hauko wa kwanza. Unapewa paka saa iliyobaki.

Angalieni tu. Posho ya mitihani ikikaribia, kitu gani kinakatwa mbele ya vingine? Mpira haukatwi. Telefone haikatwi. Masimulizi ya usiku katika enterna hayakatwi. Kinachokatwa ni sala ya asubui, na wanaoikata wanasema: « Mungu anajua tuko na kazi nyingi. » Ni kweli, anajua. Anajua pia kwamba dakika 15 za sala hazijaangusha mtu katika hesabu.

Wengine watajibu: « Wazazi wetu wanauza makala na mihogo ili tulipiwe minervali. Kujifunza nako si kazi ya Mungu? » Neno hilo ni la haki, hatulipingi. Mwanafunzi anayeshika Biblia juu ya uvivu wa kufungua kitabu cha kemia hamheshimu Mungu wala mama yake. Danieli mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Aliwekwa miaka mitatu katika mafundisho ya mfalme kule Babeli, akajifunza lugha na maandiko ya Wakaldayo, akawapita wengine. Lakini tangu mwanzo alikataa chakula kilichopingana na imani yake. Na alipokuwa mtu mkubwa, ikatoka sheria ya kukataza maombi kwa siku 30, hakubadilisha desturi yake ya kuomba mara tatu kwa siku. Vitabu havikumwondoa kwa Mungu, na Mungu hakumwondoa kwenye vitabu.

Inchi yetu nayo iko na historia. Mwisho wa 1974, wakati wa Zaïre, Serikali ilitwaa shule za makanisa, na somo la dini likatolewa darasani. Ilikuwa mpaka tarehe 26 Februari 1977 ndipo Serikali na makanisa walitia sahihi mapatano, shule zikarudi katika uongozi wa makanisa. Leo hakuna anayetukataza kuomba. Itakuwa ajabu sana kama kitu ambacho sheria ilishindwa kukimaliza, sisi tukimalize wenyewe kwa kusema tumekosa nafasi.

Lakini ndugu, tusidanganyike. Kumweka Mungu wa kwanza si kuongeza nyimbo tu. Katika mahubiri yale ya mlimani Yesu anatuambia mara tatu kitu cha kufanya kwanza. Mara moja ni juu ya Ufalme. Mara ingine, Matayo 5:24, ni juu ya mtu aliyeleta sadaka na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye: aiache sadaka, akapatane naye kwanza. Na katika 7:5 ni juu ya kutoa kwanza boriti katika jicho letu, mbele ya kushugulika na kibanzi cha mwenzetu.

Basi tupime enterna kwa mafungu hayo. Siku ya Mungu korali ya wakubwa inaimba vizuri, tunaipenda. Lakini maji waliyooga nayo asubui ile, nani aliyateka? Ni mtoto wa mwaka wa kwanza. Alitumwa na bidoni mbili, na aliporudi ibada ilikuwa imekwisha. Mtoto huyu iko na neno na ndugu yake mkubwa. Wimbo ungoje kidogo, bidoni ianze.

Tupime pia Egzetat. Kila mwaka wakati huo ukifika, watu wanapita wakisema wanauza majibu, na fahari ya wafinalisti wengi inakuwa kuchanga feza. Halafu jioni wanamwita mchungaji aombee kalamu zao. Sisi tunauliza: kalamu hiyo inaombewa iandike nini? Mtu akiisha kuchanga, amekwisha kuonyesha nani wa kwanza kwake. Diploma imeketi katika kiti cha Mungu, na Mungu anaombwa kuwa msaidizi wake.

Tunajua bei yake. Mwenye kukataa anaweza kuanguka, na mwenzake aliyechanga akapita, na nyumbani baba hatauliza juu ya imani, atauliza asilimia. Hatupashwi kuwadanganya wenzetu kwamba Mungu atawaongezea pointi. Tukisoma vizuri Matayo 6, vitu ambavyo Yesu anasema tutazidishiwa ni chakula, kinywaji na mavazi. Diploma haikutajwa. Anayemweka Mungu wa kwanza hafanyi biashara naye. Anamweka pale kwa sababu ni pahali pake.

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu. La kwanza, sala ya asubui isiguswe, hata posho ya mitihani. Mwenye kutaka saa zaidi azitoe kwenye telefone. La pili, kila mmoja ateke maji yake siku ya posho jioni, ili siku ya Mungu wadogo na wakubwa waingie kanisani pamoja. Tunaomba wakubwa wa vyumba waangalie jambo hili, na walimu watusaidie. La tatu, wafinalisti wakubaliane sasa, mbele ya wauzaji kufika, kwamba hakuna atakayetoa hata franka moja. Mtu akiwa peke yake ni vigumu kukataa. Kalasi nzima ikikataa, muuzaji atarudi kwao.

Mashauri haya si makubwa. Lakini imani inaonekana pale saa inapokuwa fupi na feza inapokuwa kidogo, maana ndipo mtu anachagua. Aliye na neno la kujibu atuandikie, tutalitia katika namba ijayo.

Mungu awabariki wote.

Sisi wa kikundi cha gazeti