Fei Toto na magoma ya Mbinga

Wadau, vijiweni hapa Mbinga bado wapo wanaomwita Fei Toto msaliti. Desemba 2022 aliwawekea Yanga milioni 112 avunje mkataba: 100 za kuvunjia, 12 za mshahara wa miezi 3. Piga hesabu: milioni 4 kwa mwezi, staa wa Taifa Stars!

Na magoma tunayajua. Unauza kahawa ikiwa bado maua kisa shida, ikiiva bei si yako tena. Mnunuzi wa magoma tunamlaani, ila dogo akiikataa bei ya zamani tunamtukana. TFF walisema bado ni wa Yanga, sawa, kisheria sibishi. Lakini msimu wa 2023/24, yuko Azam, katupia mabao 19 kwenye ligi. Hayo ni ya milioni 4 kweli?