Muuguzaji Naye Atazamwe

Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani wa Unguja na Pemba wamekuwa wakivuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi, ambayo aghalabu huchukua majuma kadhaa. Afuatanaye na mgonjwa huenda akawa mume au mke wake. Huyo huacha shamba na watoto, hukesha, wala haulizwi hali yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tunaiomba Serikali, mgonjwa anapoandikiwa rufaa, malazi ya muuguzaji nayo yafikiriwe, naye aelezwe mapema uzito wa kazi inayomkabili. Nasi majirani tupokezane zamu. Muuguzaji akianguka, wagonjwa wawili watauguzwa na nani?