KIBANJA SI FEDHA MFUKONI

Liko jambo ambalo sisi wa Bukoba na Muleba hatuna budi kulisema waziwazi. Ni nani atakayehesabiwa kuwa hana uwezo wa kulipia matibabu, na ni nani atakayemhesabu?

Mwezi wa Novemba, 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo yataka kila mkazi awe na bima, na yakubali kwamba asiye na uwezo agharimiwe na Serikali. Hilo ni jema, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini sheria humfikia mnyonge pale tu jina lake linapoandikwa. Asiyeandikwa atahesabiwa kuwa anajiweza, hata kama amelala na njaa.

Sasa tazameni hali yetu. Mgeni akipita Kamachumu au Maruku huona migomba, mibuni na nyumba za mabati, akasema, "Watu hawa wanajiweza." Kibanja chalisha watoto, ni kweli, lakini hakilipi dawa. Migomba mingi imeharibiwa na mnyauko. Kahawa huleta fedha kwa msimu, na maradhi hayangoji msimu.

Tena tusisahau kwamba wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walionekana katika mkoa huu, mwaka 1983. Vijana wengi walikufa, wakaacha watoto mikononi mwa bibi zao. Bati lililoezekwa na mwana aliyekwisha kufa si ushahidi wa utajiri wa mama yake. Na mvuvi wa Goziba au Bumbire, ambaye leo anazo na kesho hana, atapimwa kwa bati gani?

Kwa hiyo twasema: kipimo kiwe fedha ambayo kaya hupata kweli, na idadi ya watu wanaoitegemea. Na kazi ya kutambua wanyonge isifanywe na mtendaji peke yake ofisini. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 iliipa Kamati ya Afya ya Kata madaraka ya kusamehe mchango, baada ya kupata mapendekezo ya Halmashauri ya Kijiji. TASAF nayo imepitisha majina ya kaya maskini katika mikutano ya vijiji. Njia basi twaijua. Majina yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, yabandikwe mahali pa wazi, na aliyeachwa apewe nafasi ya kukata rufaa bila kulipa kitu.

Wako watakaosema kwamba kila mtu atajiita maskini na fedha zitakwisha. Wengine watasema watu watapendelea ndugu zao. Twawajibu: upendeleo hustawi chumbani. Majirani wanajua nani ana duka mjini na nani anaazima chumvi. Ni vigumu kudanganya mbele yao. Lakini mkutano ujadili uwezo wa kaya tu. Ugonjwa wa mtu ni siri yake na mganga wake.

Mwenye uwezo naye alipe. Katika CHF iliyoboreshwa kaya ya watu sita iliwekewa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwenye uwezo akijipenyeza katika orodha ya wanyonge, anamnyang'anya bibi wa jirani yake.

Wanachama wenzangu, kazi hii ni yetu. Mkutano ukiitwa, nendeni. Asiyejua kusoma asomewe orodha nyumbani kwake. Mkiona mjane au mzee ameachwa, simameni mtaje jina lake mkutanini, na mhakikishe limeandikwa kabla hamjatawanyika. Tangu siku za Uhuru tumeyataja maradhi na umaskini kuwa adui zetu. Basi tuanze kwa kumwandika yule ambaye maadui hao wawili wamemvamia kwa pamoja.