Mzize: Tuache Kusema "Ana Kipaji"?

Najua mmezoea niwaletee habari za shela, mishono na maandalizi ya harusi, na leo nimeingia uwanjani. Lakini niambieni, ni nyumba gani huku kwetu pwani, kuanzia Bagamoyo mpaka Unguja, isiyo na mtu wa Yanga au wa Simba? Na swali wanalobishania vibarazani linatuhusu na sisi: kijana akisifiwa kuwa ana kipaji, ni lini tuache neno hilo tuseme huyu sasa anaweza?

Namzungumzia Clement Mzize, mshambuliaji wa Yanga na Taifa Stars, aliyezaliwa mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba huyu mtoto ana kitu.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nampima kwa tepu yangu. Msichana akishona gauni moja likapendeza, hiyo ni dalili njema tu. Fundi ni yule unayemwachia gauni la bibi harusi Jumatano, nikaha Ijumaa, nawe ukalala usingizi. Kwa hiyo naangalia mambo matatu.

La kwanza, je, anarudia? Msimu wa 2024/25 Mzize alifunga mabao 14 ya Ligi Kuu, mawili tu nyuma ya Jean Charles Ahoua wa Simba aliyemaliza na 16. Yanga wakabeba ubingwa. Bao moja zuri linaweza kuwa bahati, lakini 14 ni kazi.

La pili, akiondolewa kwenye starehe yake anabaki nani? Wapo wanaosema kwa pasi za kina Pacôme na Aziz Ki yeyote angefunga. Hoja hiyo ina uzito, maana hata mshono wa kawaida hubebwa na kitambaa kizuri. Lakini Agosti 2025, kwenye CHAN, hakuwa na wageni hao pembeni yake. Taifa Stars ilipoifunga Madagascar 2-1, mabao yote mawili yalikuwa yake. Na bao lake dhidi ya TP Mazembe, la Januari mwaka huohuo, lilitwaa tuzo ya CAF ya bao bora la mwaka Afrika.

La tatu, siku ngumu inakuwaje? Hapa ndipo panaponifanya nisite. Kwenye robo fainali ya CHAN, uwanja wa Benjamin Mkapa, Morocco walitufunga 1-0. Tulihitaji bao moja, na si yeye wala mwingine aliyelipata. Mechi moja haimhukumu mtu, ila inaonyesha pindo lililobaki.

Tukitaka kipimo kikubwa zaidi, tunaye Mbwana Samatta. Aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, akakaa huko hadi akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Ndipo akaenda Genk, na mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji. Jina lile lilijengwa kwa miaka, tena mbali na nyumbani.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa hapa nyumbani, Mzize ameshavuka. Kuendelea kumwita "kipaji" ni kumnyima haki yake. Kumwita Samatta wa pili nako ni kumvisha gauni kabla halijapigwa pasi. Hapo kwanza akafunge miaka mitatu minne, kwenye nchi ambayo hakuna anayemjua.

Kwa nini nawaandikia ninyi haya? Kwa sababu neno "ana kipaji" lina hila ndani yake. Kuna wasichana kwenye vyumba vyetu vya kushonea wanaokata, wanashona na kutia zipu bila kusimamiwa, lakini bado wanaitwa wanafunzi na wanapewa nauli tu. Tunawasifu ili tusiwalipe. Msichana akishashona magauni kumi bila kurudishiwa hata moja, huyo ni fundi. Mlipe kifundi.

Na ninyi maharusi watarajiwa, kipimo ni hichohicho. Mchumba akikuambia atakuja kuwa hivi na vile inshallah, mwombee kheri, kisha tazama anachokifanya kila wiki. Anaamka mapema? Anatimiza ahadi ndogo? Wazee walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Kipaji ni amana kutoka kwa Mola, na mwenye amana anastahili pongezi. Lakini ujira na imani yetu tumpe aliyeifanyia kazi, tena tumpe kwa wakati, asisubiri mpaka aondoke ndipo tumwone.