Bunia: Diploma mkononi, gita mgongoni. Kijana achague nini?

Kila mwaka, matokeo ya examen d'État yakitoka, Bunia inachangamka: poda kichwani, pikipiki zinapiga honi kwenye Boulevard de Libération. Siku chache kisha, maneno magumu yanaanza nyumbani. Mzazi anasema: "Utaingia ISTM ao ISP, upate kazi." Mtoto anajibu kwamba anataka kuimba, kuchora ao kutengeneza filamu. Na papa anamaliza mazungumuzo: "Gita ndiyo italipa minerval ya wadogo zako?"

Mzazi huyo hana kosa. Ituri iko chini ya état de siège tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Familia nyingi zilikimbia vijiji vya Djugu na Irumu, mashamba yakabaki. Hapa mtoto mmoja mwenye mshahara anaweza kushikilia nyumba nzima. Akianguka, haanguki peke yake.

Lakini tuulize: hiyo kazi ya hakika, tunaiona wapi leo?

Tuangalie walimu. Wengi wanaitwa "nouvelles unités": wanafundisha, lakini serikali haijaanza kuwalipa, na wengine wanangojea miaka. Mwezi wa kenda 2024, mwaka wa masomo ulianza na mgomo katika shule nyingi, juu ya mshahara. Mashirika nayo? Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na wafanyakazi wengi wa mashirika huku mashariki walibaki bila kazi. Goma na Bukavu, banki zilifunga milango baada ya M23 kuingia katika miji hiyo. Waliokuwa na kazi ambayo kila mzazi anaiombea mtoto wake, nao waliamka siku moja bila kitu.

Hii haimaanishi kwamba sanaa ndiyo salama. Msanii wa Bunia analipa studio kwa mfuko wake, analipa clip kwa mfuko wake, kisha wimbo unapigwa bure kwenye arusi na kwenye redio. Sheria ya kulinda haki za watunzi iko tangu 1986, na SOCODA, yenye kazi ya kukusanya haki hizo, iliundwa mwaka 2011. Lakini makao yake ni Kinshasa, na kutoka hapa mpaka kule, njia ni ndege. Na sisi maredio tujiulize pia: kati yetu nani analipa wimbo anaoupiga?

Kuna mtu wa karibu na sisi ambaye alipita katika swali hilo. Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984, mji uliokuwa pamoja na Bunia katika Province Orientale mpaka 2015. Alianza masomo ya udaktari, masomo ambayo mzazi yeyote angeyasifu. Aliyaacha, akaingia katika filamu.

Tuangalie vizuri namna alivyofanya. Kwanza alipita katika mafunzo ya filamu, akajifunza kazi. Moja kati ya filamu zake za kwanza, aliyoitengeneza na mwenzake, inaonyesha wamama kwenye maternité moja ya Kinshasa: wamekwisha kuzaa, lakini hawawezi kutoka kwa sababu hawana feza za kulipa. Hakuingia hospitali kama daktari, aliiingia na kamera. Mwaka 2014 alitoa "Examen d'État", juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaotafuta diploma ileile tunayoisherehekea hapa. Mwaka 2020, filamu yake juu ya watu walioumizwa katika vita ya siku sita ya Kisangani iliingia katika orodha rasmi ya Cannes.

Kwa mmoja aliyefika, wengi walibaki njiani, na hao hatuwajui majina. Kwa hiyo tusidanganye vijana kwamba talanta inatosha. Kinachokosekana zaidi hapa ni ngazi ya kupandia. Kisangani, Faustin Linyekula, mcheza dansi, alifikisha Studios Kabako mwaka 2006. Vijana wanapata pale mahali pa kujifunza na watu wa kuwasahihisha. Goma, Yole!Africa ilifanya kazi kama hiyo. Kijana akiwa na nyumba kama hizo, anaweza kujua mapema kama anaweza ao hawezi. Bila nyumba kama hizo, anapoteza miaka kumi ndipo ajue.

Katika kungojea, jamaa inaweza kukaa chini na kupiga hesabu. Mtoto amepewa muda gani wa kujaribu: mwaka mmoja, miwili? Katika muda huo ni kazi gani inamlisha: kutengeneza spoti za mashirika, kupiga picha za arusi, kufundisha? Minerval ya wadogo itatoka wapi? Na muda ukiisha bila matunda, atarudilia masomo gani? Kijana anayejibu maulizo hayo mbele ya wazazi, huyo si mchezo. Asiyeweza kujibu, asomee kwanza.

Na mzazi naye ajibu moja: kazi unayomchagulia mtoto, wenye wanaifanya leo hapa Bunia, mwezi uliopita walilipwa?