Ghala la Biashara Lisiitwe Maktaba

Makampuni ya Marekani yanayoonyesha filamu kwa njia ya intaneti hupenda kuiita mikusanyiko yao maktaba. Jina hilo halistahili. Maktaba huwekwa ili mtoto akikute kitabu alichosoma baba yake. Ghala huwekwa ili mwenye mali auze, na asipopata faida, atupe.

Historia yenyewe ni shahidi. Netflix ilipoanza biashara hiyo mwaka 2007 ilikodi kazi za wengine. Lakini nguo ya kuazima haisitiri: wenye mali wangeweza kuichukua wakati wowote, na Disney ilifungua duka lake mwaka 2019. Ndipo mbio za kutengeneza na kununua zikapamba moto. Machi 2022 Amazon, iliyoanza kwa kuuza vitabu, iliinunua studio ya MGM kwa dola bilioni 8.5. Filamu zaidi ya 4,000 na vipindi 17,000 vya televisheni, jasho la vizazi vya mafundi na wasanii, vikaingia mikononi mwa mfanyabiashara. Kwa kusudi gani? Mwanzilishi wake, Jeff Bezos, hakuficha: mwaka 2016 alieleza hadharani kwamba ushindi wa tuzo ya Golden Globe huisaidia kampuni kuuza viatu zaidi. Sanaa imekuwa chambo.

Watetezi wa mabepari hao hudai kwamba mtazamaji hufaidika, kwani kwa ada ya mwezi hupata filamu maelfu. Ni kweli anazitazama, hazimiliki. Mei 2023 Disney iliiondoa katika huduma yake tamthilia ya Willow, ambayo haikuwa imetimiza hata miezi sita tangu ianze kuonyeshwa. Mlipa ada hakuulizwa.

Wala wavuja jasho hawakunufaika kwa hiari ya matajiri. Mwaka huohuo wa 2023 waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 ndipo wakapata malipo bora, na chama chao haki ya kuelezwa saa ambazo kazi zao zimetazamwa.

Katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, sheria humtaka mchapishaji apeleke nakala ya kitabu katika maktaba ya taifa. Hapana sababu ya filamu kuachwa nje ya kanuni hiyo. Kumbukumbu ya watu haiwezi kuwekwa rehani kwa mwenye duka.